Asali Niliyoitia Nguvu

Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomaji asije akakuta kosa la herufi akadhani amenigundua. Nyumba ninayokaa hapa Mtendeni nimeijenga kwa asali. Watoto wamesoma kwa asali, mmoja mpaka chuo, na huyo wa chuo ndiye aliyeniambia nisiandike habari hii kwa sababu itaniaibisha. Nikamwambia aibu ni yangu, nimeihangaikia mwenyewe, nitaitumia nipendavyo.

Kazi yangu ni asali ya Sikonge. Zamani niliifuata porini kwa baiskeli, nikikaa kambini na warina asali wa mizinga ya magome. Siku hizi magoti yamekataa, wananiletea. Inafika kwenye ndoo ikiwa na nta, ina miguu ya nyuki, mara nyingine ina nyuki mzima aliyekufa akiwa ameshiba. Naichuja kwa kitambaa, naiacha itulie siku tatu, naitia kwenye chupa. Wageni wanaoshuka kwenye treni huelekezwa kwangu kabla hawajaulizia pa kulala.

Asali ya huku si ya kupaka mkate tu. Mtoto akikohoa, asali. Mtu akiungua na uji, asali. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alitembea na mzigo begani kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, zaidi ya mara moja, na begani alibaki na kovu lililovimba kama kitumbua. Alisema kidonda kile kilipozwa kwa asali na hakikuonja kitu kingine. Nimekua nikiliona kovu lile, kwa hiyo wanaosema asali ni imani tu huwa nawaacha waseme wachoke.

Sasa, miaka kama kumi na tano iliyopita, wateja wakaanza kulalamika. Asali yako haina nguvu siku hizi. Mzee, asali yako imekuwa tamu tu. Asali haikubadilika, watu ndio waliobadilika. Walikuwa wamezoea vile vidonge vya rangi mbili, ambavyo wakati ule ulivikuta hata dukani kwa muuza sabuni: unameza viwili leo, viwili kesho, ukijisikia nafuu vilivyobaki unamwekea shemeji. Asali huponya kwa wakati wake, na watu hawakuwa na wakati.

Mwaka huo huo kuku wangu wakaugua. Walikaa pembeni wamefumba macho kama wazee wa baraza. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikapewa pakiti ya unga wa njano, nikautia kwenye maji yao. Siku ya pili walikuwa wanapigana. Nikakaa nikautazama unga ule. Rangi yake ni ya asali. Harufu yake hafifu. Kuku anakufa, unampa, anaamka anatafuta ugomvi. Nikajiuliza, kwani mtu na kuku wana tofauti gani mbele ya kikohozi?

Nikatia kijiko kimoja kwenye ndoo, nikakoroga.

Naomba nieleweke hapa. Sikuwa naghushi. Anayeghushi asali hutia maji ya sukari, na hao nawajua mpaka milango ya nyumba zao. Mimi sikupunguza kitu, niliongeza. Na watu wakapona! Kikohozi siku mbili, kidonda siku nne. Jina langu likavuka mji, likafika Igunga, likafika Choma kwa wafugaji, wakawa wanaagiza kwa madumu. Sikumwambia mtu yeyote siri ya ndoo ile, si kwa sababu niliona vibaya, bali kwa sababu mpishi yeyote ana siri yake. Hata mama watoto sikumwambia. Yeye alikuwa na kifua kibovu tangu ujana, na kila asubuhi kwa miaka hiyo yote nilimpa kijiko kimoja cha ndoo ile kwa mkono wangu, kwa mapenzi. Mimi mwenyewe asali siili. Nimeshinda ndani yake tangu ujana, siitamani.

Msimu wa karanga uliopita, mama watoto alijikata na jembe kwenye mguu wa kushoto, kidole kikubwa na jirani yake. Si jeraha la kutisha. Nikalisafisha, nikapaka asali yangu, nikafunga. Wiki ya kwanza likatulia. Wiki ya pili likavimba. Wiki ya tatu likaanza kunuka, nami nikaongeza asali. Jirani akaniuliza kwa nini simpeleki hospitali, nikamjibu kwamba hospitali ndiyo inayotakiwa kuja kwangu.

Tulikwenda wiki ya nne, na njiani nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kusema kwamba tumepita tu.

Kitu cha kwanza walichompima ni sukari. Mke wa muuza asali, kidonda mguuni, kila mtu aliyevaa koti jeupe alikuwa na uhakika. Hakukuwa na sukari. Wakapima tena, hawakuamini. Wakampiga picha ya mguu, wakaanza kumpa dawa, vidonge kwanza, halafu sindano, halafu sindano nyingine. Kidonda kikazitazama zote.

Wodini tulikuta muuguzi wa kiume, Mgogo, kijana wa makamo mwenye kitambi. Alipojua sisi ni Wanyamwezi akafurahi kama aliyeokota kitu.

"Punda wangu wamefika," akasema. "Leo mmekuja bila mizigo? Mmeiacha wapi?"

"Tumeiacha kwenu," nikamjibu. "Babu zenu walimtoza hongo babu yangu kwa kupita tu juani kwenu. Tumekuja kudai."

"Basi nitamtoza bibi hapa. Kila sindano, kijiko cha asali."

Asiyeujua utani wa Wanyamwezi na Wagogo angedhani tunataka kupigana. Utani huu umeanzia kwenye ile njia ya misafara, na mpaka leo mtani wako ana ruhusa ya kuja kwenye msiba wako akalala mahali pa maiti na watu wakacheka. Mama watoto alimpenda tangu siku ile. Alisema ni mtu pekee pale ambaye hamuongeleshi kwa huruma.

Daktari wa upasuaji yeye hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, anayatoa kama yanatoka mfukoni mwake. Aliishika ile picha, akasema, "Wadudu wamefika kwenye mfupa. Nikikata sasa, nakata nusu ya wayo. Nikichelewa, nakata chini ya goti. Nikichelewa zaidi, sitakuwa na kazi ya kukata."

Mama watoto akauliza, "Nitalima na nini?"

Akamjibu, "Bibi, kwanza tukubakize ulime."

Alikuwa mwanamke aliyelima shamba lake mwenyewe tangu nimuoe, shamba la karanga lililoandikwa jina lake, ambalo mimi sina ruhusa ya kulipangia chochote. Nusu ya wayo kwake haikuwa nusu ya wayo. Akageukia ukutani.

Hapo ndipo alipokuja binti mmoja, daktari wa maabara. Alikuwa amekuja kwetu kwa utafiti, na chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, kimejaa visahani vya plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeotesha usaha?"

"Ndiye mimi."

"Wenzako wanaotesha mchicha."

Akacheka, akanieleza. Kuna bakteria ambao dawa tulizonazo hawazisikii tena. Yeye anawatafuta: wako wapi, wametoka wapi, wanapitia wapi. Wengine wanakaa hospitali wanamsubiri mgonjwa. Wengine wanakuja na mgonjwa kutoka nyumbani. "Wa bibi walikuja naye," akasema.

"Kutoka nyumbani kwangu?"

"Kutoka nyumbani kwenu."

"Kwangu pasafi. Uliza mtaa mzima."

"Si habari ya uchafu, mzee. Nyumba inaweza kung'aa na wakawamo."

Nikaona huyu amesoma sana. Lakini alikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nimwite mwanangu. Alikuwa anaipima asali. Kwa kuwa dawa zinaisha nguvu, alisema, watafiti wanarudi kuangalia vitu vya zamani, na alikuwa na kibali cha kuijaribu kwenye vidonda vya wagonjwa watakaokubali. Alikuwa ameshakusanya asali kwa wauzaji mjini, kila chupa na namba yake. Nikamwambia hajakusanya kitu kama hajakusanya yangu. Nikaenda nyumbani nikamletea chupa, nikaichota kwenye ndoo ile ile. Wazo la kuchota kwenye nyingine halikunipitia hata kidogo. Ukiitwa kwenye mashindano unapeleka jogoo wako mkali.

Baada ya siku mbili akaniita chumbani kwake. Kwenye kisahani kuna kitu kama ugali mwepesi wa mahindi mabichi, na juu yake bakteria wameota kama ukungu. Amekitoboa vishimo, kila kishimo ametia asali ya mtu mmoja. Asali inapoua, panabaki duara safi. Asali za wenzangu, watu ninaowaheshimu, zilikuwa na duara kama kifungo cha shati. Yangu ilikuwa kama kizibo cha soda.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hii sijawahi kuiona. Nyuki wako wanakula maua gani?"

Nikamwambia maua ya miombo, na mengine siri ya Mungu.

Basi siku ile nilitembea mji mzima. Nikaenda kwa kinyozi ambaye hata nywele sina za kumpa. Nikaenda barazani baada ya swala ya alasiri, nikaeleza habari ya kizibo cha soda mpaka wakaniomba nikae. Niliporudi wodini mama watoto alikuwa ameshasikia.

"Ungenikata na jembe mapema," akasema, "biashara yako ingefika Ulaya."

Lakini macho yake yalikuwa yamerudi. Kwa sababu yule binti alikuwa amekwenda kwa yule daktari mrefu na kisahani chake mkononi, akamwomba wiki moja. Wiki moja ya kufunga kidonda kwa asali yangu kabla ya kukata. Yule mrefu akatazama kisahani, akatazama mguu, akasema wiki moja na si siku nane. Mama watoto akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, akasema vidole vyake hivi vya mguu amevizoea, ana habari navyo.

Jumatatu wakaanza. Mimi nimesimama pale kama baba wa bwana harusi.

Jumatano binti akaja na karatasi ya majibu kamili ya usaha wa mama watoto, akakaa kando yangu ili niione vizuri. Karatasi ina safu mbili. Upande mmoja dawa zinazowaweza wadudu wa mama watoto, upande wa pili dawa zisizowaweza. Upande wa pili ulishuka mpaka chini. Upande wa kwanza ulikuwa na dawa moja peke yake, ya kutundikwa kwenye mshipa, na ilikuwa imeagizwa, haijafika.

"Hizi zote hazifai?" nikauliza.

"Hizi zote hawazijali kabisa."

Nikapitisha kidole. Mimi kusoma nasoma polepole, lakini kuna neno moja refu katikati ya safu ile ambalo sikuhitaji kulisoma. Nililitambua kama unavyotambua mgongo wa ndugu yako sokoni. Miaka kumi na tano nimekuwa nikikata pakiti kwa mkasi, na kila mara mkasi hupita juu ya neno lile.

Hesabu nyingine hata wa darasa la tatu huzifanya. Kilichotoa duara kubwa si nyuki wangu, ni unga wa kuku. Wadudu wa kwenye kisahani walikuwa wadudu wa kawaida wa maabara, hawajawahi kuuona unga ule, wakafa. Wadudu wa mguu wa mke wangu hawaujali kabisa. Na kisu kimesubirishwa wiki nzima kwa ajili ya duara lile, huku mfupa unaliwa.

Msomaji atategemea niseme kwamba nilisimama pale pale nikakiri. Sikusimama. Nilimuuliza binti kama watoto wake hawajambo. Hana watoto.

Nikatoka wodini, ujiani nikamkuta mtani wangu anasukuma kitoroli cha dawa. Nikafikiri, huyu ndiye. Huyu nitamwambia, yeye atawafikishia wakubwa, jambo litakuwa limesemwa na mimi sitakuwa nimetazamana na mtu. Nikamshika mkono.

"Mtani, ile asali ina dawa ya kuku."

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Leo umenipata! Dawa ya kuku! Ndiyo maana Wanyamwezi mnaamka kabla ya adhana!"

"Nasema kweli. Naitia mwenyewe. Unga wa njano."

"Na bibi anataga mayai mangapi kwa siku?"

Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kulia kwa kicheko. Akawaita wenzake wawili, akawaambia, nao wakacheka. Nikasimama katikati yao nikisema ukweli mtupu, wa kwanza kuusema kwa miaka mingi juu ya ndoo ile, na kila neno linapokelewa kwa makofi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu ambaye hanichukulii kwa uzito, na nikampata.

Nikarudi wodini. Mtani alikuwa amenitangulia, amesimama miguuni pa kitanda.

"Bibi, mumeo anasema anakulisha dawa ya kuku."

Mama watoto akacheka, yule aliyekuwa amegeukia ukutani wiki iliyopita, akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana nikimwona jogoo natamani kumsalimia," akasema. Akanigeukia ili nicheke naye.

Sikuweza kucheka. Tumeishi pamoja zaidi ya miaka arobaini. Kicheko chake kilipungua kidogo kidogo, kama maji yanayokauka bombani, na mwisho akabaki ananitazama. Mtani naye akajifanya anahesabu vidonge.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kuku walipougua."

"Kuku walipougua mtoto wetu wa mwisho alikuwa anaanza shule."

"Ndiyo."

"Na kile kijiko changu cha asubuhi?"

"Ndoo ile ile."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alinyoosha shuka juu ya mguu wake, akalinyoosha tena, akasema, "Mwite yule binti. Na utasema wewe. Mimi nitasikiliza kama umesema yote."

Nikamwita. Nikasema mbele yao watatu nikiwa nimesimama na kofia mkononi, mimi ambaye hata mbele ya mkuu wa wilaya nilikaa. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa daftari, akaanza kuniuliza: kijiko cha aina gani, ndoo ya ukubwa gani, kila baada ya muda gani, nani walikula, kuku walikunywa kiasi gani na mbolea yao nilitupa wapi. Mbolea yao tulitia shamba la karanga. Akaandika na hilo. Hakunigombeza hata neno moja, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa, nimeshatafuta na majibu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafundisha hao wadudu?" nikamuuliza.

"Siwezi kukuambia hivyo, mzee. Huenda ni unga wako. Huenda ni vidonge alivyomeza miaka ya nyuma. Huenda ni kuku, au jirani, au mtu aliyeshuka kwenye basi. Wanasafiri hawa. Nitaandika nilichokipima."

Nimezoea watu wanaojua. Mtaani kwetu kila mtu anajua, na mimi nilikuwa mbele yao wote. Huyu amesoma nusu ya maisha yake ili aweze kuniambia hajui, na sijui kwa nini, ni yeye niliyemwamini.

Daktari mrefu alipoambiwa hakunitazama. Aliutazama mguu, akasema kesho asubuhi. Mama watoto akaombwa dole gumba kwa karatasi nyingine. Akaniambia nimshikie karatasi isiteleze.

Walikata nusu ya wayo. Ilikuwa bado nusu. Yule mrefu alituambia siku chache zilizobaki za wiki ile zingetufikisha gotini, akaondoka. Dawa ya kutundika ikafika keshokutwa yake, na homa ikaanza kushuka. Mtani wangu ndiye aliyemfunga na kumfungua siku zote zile, na utani wake ulipungua kwa muda, mpaka mama watoto alipomwambia, "Mtani, punda bado ana miguu mitatu na nusu, sema unachotaka." Akapumua.

Ndoo zangu saba zilizochanganywa nilitaka kuzimwaga nyuma ya nyumba. Binti akakataa, akasema ardhi nayo ina wadudu wake, nisiwapelekee darasa. Zikapelekwa hospitali kuchomwa kwenye tanuru la taka. Harufu ya sukari iliyoungua ikapanda wodini, na wagonjwa wakaanza kuulizana nani anapika kashata, na kwa nini hagawi. Nilikuwa nimekaa pale.

Wateja niliwafuata mmoja mmoja, niliowakumbuka, na wa Choma niliwapelekea ujumbe. Nilijiandaa kwa matusi. Wachache walinitukana, na wale nawashukuru. Wengi waliniuliza kwa sauti ya chini kama ile ya zamani imebaki hata chupa moja, kwa sababu hii mpya, mzee, haina nguvu.

Tulipokwisha kurudi nyumbani, binti akaja Mtendeni na masanduku yake. Alipima maji, alipima udongo wa banda, alimshika kila kuku akampitisha kijiti chenye pamba mahali ambapo kuku hapendi. Mama watoto alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Na huyu mzee mpime," akasema. "Mimi nimekatwa, yeye anatembea tu."

Nikasema mimi sijaumwa tangu nizaliwe. Binti akasema ndiyo sababu. Akaniingiza kijiti puani, kila tundu, na mke wa mtu anacheka.

Majibu yakaja wiki iliyofuata. Wadudu wale wale wa kwenye mguu wa mama watoto nilikuwa nao puani, wamekaa, hawanidhuru, sina hata mafua. Mimi ambaye sikulamba ile asali hata siku moja. Tangu siku ya kwanza ya jembe ni mimi niliyemsafisha kidonda, kwa vidole vyangu hivi, nikijifuta pua katikati kwa sababu ya moshi wa jiko. Nani alimpa mwenzake, binti alisema hajui, na safari hii sikumuuliza mara ya pili. Akanipa mafuta ya kupaka puani, akanionyesha kunawa. Mimi, mtu mzima, nikaonyeshwa kunawa: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka juu ya kifundo, na usifute kwenye kanzu. Akasema mpaka kidonda kizibe kabisa nisimguse mgonjwa bila hivyo.

Kwa hiyo sasa ndivyo tunavyoishi. Mama watoto amepata magongo, lakini kuna ngazi mbili za kushuka uani na hizo hazimudu bila bega langu. Shamba amelikodisha nusu. Nusu nyingine amesema atalipalilia amekaa, na sina ruhusa ya kulipangia chochote. Kila asubuhi ananiita, nami nakwenda kwanza kwenye ndoo ya bomba na kipande cha sabuni.

"Bado?" anauliza kutoka mlangoni.

"Bado. Niko kwenye kucha."

"Jana kucha uliziruka."

"Sikuziruka."

"Uliziruka. Rudia."

Narudia.